Je, Wajua? Nipe Nikupe Ndani ya Kinundu cha Kunde

Chimba mche mmoja wa kunde unaoanza kutoa maua. Usiuvute kwa shina, mizizi itakatikia udongoni. Uzungushie jembe, uuinue na udongo wake, uuloweke kwenye ndoo ya maji, kisha uutikise polepole. Kwenye mizizi utaona vinundu vya mviringo, vingine kama punje ya mtama, vingine kama punje ya choroko. Pasua kimoja kwa ukucha. Ndani pana wekundu wa waridi, na kidole kinabaki na majimaji kana kwamba umechomwa na mwiba.

Ulichopasua ni soko. Upande mmoja yuko kunde, upande wa pili wako bakteria waitwao rizobia, na kila kinachoingia au kutoka kina mlango wake. Tupite mlango kwa mlango.

HEWANI TELE, MDOMONI HAKUNA

1. Je, wajua kwamba juu ya kila mita moja ya mraba ya shamba lako kuna karibu tani 8 za naitrojeni? Gesi hii ni asilimia 78 ya hewa. Mfuko wa Urea wa kilo 50 una kilo 23 tu za naitrojeni, na bado tunajinyima ili tuununue. Mahindi hugeuka manjano kwa njaa ya naitrojeni huku yamezungukwa nayo, kwa kuwa atomi zake hewani zimeshikana mbilimbili kwa vifungo vitatu, na mahindi hayana cha kuvifungulia.

2. Binadamu alichelewa sana kuvifungua vifungo hivyo. Mjerumani Fritz Haber alionyesha njia mwaka 1909, na kiwanda cha kwanza kikaanza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Kazi hiyo inataka joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi na mgandamizo unaozidi ule wa hewa ya kawaida zaidi ya mara 150. Rizobia huifanya ndani ya mzizi, kwenye joto la udongo unaoukanyaga kwa miguu mitupu.

3. Siri ya mikunde ilitangazwa Berlin mwaka 1886. Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walipanda mimea kwenye mchanga usio na vijidudu wala naitrojeni. Shayiri ilidumaa, na njegere pia. Walipotia maji yaliyopitishwa kwenye udongo wa shambani, njegere zilistawi na kuota vinundu, shayiri ikabaki vilevile. Mwaka 1888 Martinus Beijerinck wa Uholanzi akafaulu kuwatoa bakteria ndani ya vinundu na kuwafuga peke yao.

4. Si kila mmea wa ukoo wa mikunde una vinundu. Mkwaju hauna. Mjohoro, unaopandwa kwa kivuli na kuni, nao hauna. Kunde, choroko, mbaazi, karanga, njugu mawe, soya na maharage vyote vinavyo.

HODI, HODI

5. Je, wajua kwamba mmea ndio huanza kuita? Mzizi hutoa kemikali ziitwazo flavonoidi. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba lusani, mkunde wa malisho, hutoa luteolini, na kemikali hiyo huamsha jeni za bakteria wake. Bakteria hujibu kwa kemikali yao, ambayo umbo lake lilifumbuliwa na watafiti wa Toulouse, Ufaransa, mwaka 1990. Kiasi kidogo mno kinatosha kuufanya unyweleo wa mzizi ujikunje kama kidole kinachoita. Bakteria hunaswa ndani ya mkunjo huo, na safari ya kuingia huanza.

6. Karanga hazina taratibu hizo. Rizobia wake huingilia kwenye nyufa ndogo zinazobaki pale mzizi mchanga unapochomoza kutoka kwenye mzizi mama. Ndiyo maana vinundu vya karanga hukaa kwenye maungio ya mizizi. Ng'oa shina moja uhakikishe.

7. Bakteria mmoja ana urefu wa mikromita chache tu. Wapange 500 kwenye mstari, watajaza takribani milimita moja ya rula. Seli moja ya kinundu inaweza kubeba maelfu yao.

8. Hata akishaingia ndani ya seli, bakteria hakai wazi. Mmea humfunika kwa utando wake, akawa kama mgeni aliyepewa chumba chenye mlango ambao funguo zake anazo mwenye nyumba. Ndani ya utando huo bakteria mwenyewe ana tando mbili, ya nje na ya ndani. Kwa hiyo tonge lolote litokalo kwa kunde huvuka vizingiti vitatu kabla halijamfikia, na naitrojeni inayorudi huvuka vilevile vitatu. Mengi yanayofuata ni habari za vizingiti hivyo.

KINACHOINGIA: CHAKULA

9. Je, wajua kwamba bakteria wa kinundu hawalishwi sukari? Majani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, nayo huteremshwa hadi kwenye kinundu. Hapo seli za mmea huivunjavunja na kuigeuza malati, chumvi ya asidi ileile inayolipa tofaa bichi ukali wake. Mwenye nyumba hampi mgeni mahindi mabichi. Anayasaga, anapika uji, ndipo anamtengea.

10. Uji huo una mlango wake kwenye utando wa ndani wa bakteria. Wataalamu wanauita DctA, nao hupitisha bidhaa tatu za ukoo mmoja: malati, suksinati na fumarati. Mwaka 1981 watafiti wa New Zealand waliipa mimea ya klova, mkunde mwingine wa malisho, bakteria ambao mlango huo ulikuwa mbovu. Vinundu viliota, bakteria wakaingia na kukaa, lakini hapakutoka naitrojeni yoyote ya maana. Katika majaribio mengine, bakteria walioharibiwa uwezo wao wa kutumia sukari waliendelea na kazi kama kawaida. Ndipo ikajulikana kwamba riziki ya kinundu inapita kwenye mlango huu mmoja.

11. Chakula hicho si anasa. Kuvunja molekuli moja ya naitrojeni hugharimu molekuli 16 za ATP, ile sarafu ya nishati inayotumiwa na kila kiumbe hai, wewe ukiwemo. Mazao yake ni molekuli mbili tu za amonia. Kwa hiyo mkulima anayesema kunde hupata naitrojeni ya bure hajauona mkoba wa kunde. Kila chembe imelipiwa kwa jua lililotua kwenye jani.

12. Je, wajua kwamba bakteria wa njegere anaingia kinunduni akijua kutengeneza asidi zote za amino, kisha akifika ndani huacha kutengeneza tatu kati yake? Hizo ni leusini, isoleusini na valini. Kuanzia hapo hungoja kupewa na mmea, na huzipokea kupitia pampu mbili ziitwazo Aap na Bra. Watafiti wa Uingereza waliharibu pampu zote mbili, wakaeleza matokeo yao mwaka 2003 na tena mwaka 2009. Njegere ziligeuka manjano kwa njaa ya naitrojeni huku vinundu vimejaa mizizini. Mwenye kushika kijiko ndiye huamua mgeni afanye kazi kiasi gani.

13. Mtego mwingine uko kwenye kimeng'enya chenyewe kinachovunja naitrojeni, naitrojinesi. Moyoni mwake kuna kishada cha chuma, salfa na molibdeni, na kishada hicho hakikamiliki bila kiungo kiitwacho homositrati. Rizobia wengi hawana jeni ya kukitengeneza. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mkunde uitwao Lotus japonicus hukitengeneza wenyewe kwa ajili ya wageni wake. Mmea ukikosa jeni hiyo, bakteria wana mashine isiyo na msumari mmoja, na mashine haizunguki.

KINACHOINGIA: MADINI

14. Fosforasi huja mbele ya yote. Kila ATP imebeba fosfati tatu, na kinundu kinachoteketeza ATP usiku na mchana hakiwezi kustahimili njaa ya fosfati. Bakteria wa lusani, Sinorhizobium meliloti, ana njia zaidi ya moja za kuiingiza: moja hutumika fosfati ikiwa tele, nyingine yenye nguvu ya kunyakua huwashwa inapoadimika. Hata hivyo hakuna pampu inayoweza kuchota kisima kikavu. Udongo mwingi wa nyanda zetu una asidi na fosfati kidogo, ndiyo maana mkulima wa maharage akitia fosfati huona mara nyingi vinundu vikiongezeka na kukua. Tanzania ina mwamba wake wa fosfati, pale Minjingu karibu na Ziwa Manyara, na unga wake huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye asidi.

15. Je, wajua kwamba wakia chache za madini zinaweza kufufua ekari nzima ya malisho? Mwaka 1942 mtafiti A. J. Anderson aligundua kuwa klova iliyodumaa Australia Kusini ilikuwa inalilia molibdeni, madini yanayotakiwa kwa kiasi kidogo sana. Bila hayo naitrojinesi ya kawaida haijengeki. Udongo ukiwa na asidi huyang'ang'ania madini haya, na mizizi haiyapati ingawa yapo. Chokaa ya kilimo hupunguza asidi, udongo ukayaachia. Wakati mwingine mkulima aliyemwaga chokaa amefungua mlango ambao hakujua kuwa upo.

16. Chuma huhitajika mara mbili: ndani ya naitrojinesi, na ndani ya ile rangi nyekundu uliyoiona kwenye ukucha. Katika Lotus japonicus kuna protini iitwayo SEN1, inayofanana na visafirishi vya chuma vya viumbe wengine. Ikiharibika, vinundu huota lakini havileti naitrojeni.

17. Salfa nayo ina mlango wake maalumu. Mwaka 2005, kwenye mmea huohuo, ilibainika protini iitwayo SST1 inayopitisha salfati kwenye ule utando wa chumba cha mgeni. Mmea usio nayo ukiotesha vinundu, vinabaki mapambo. Ukiupatia naitrojeni ya mbolea unakua kama wenzake, ishara kwamba mlango huo uliwekwa kwa ajili ya bakteria.

18. Kobalti je? Mmea wenyewe waweza kuishi bila hiyo, lakini rizobia hawawezi, kwa sababu wanaitumia kutengeneza vitamini B12. Mkunde usiotumia mbolea ya naitrojeni hulazimika kuitafuta kobalti udongoni kwa ajili ya mtu mwingine.

19. Mwaka 2001 jenomu nzima ya Sinorhizobium meliloti ilisomwa: herufi milioni 6.7, zimegawanyika katika vipande vitatu. Kipande kimoja kilikutwa kimejaa jeni za pampu za kuingiza virutubisho. Pampu hizi nyingi zina sehemu tatu: mdakaji anayezurura kati ya tando mbili akikamata bidhaa anayoijua, njia ya kupitishia, na injini inayokula ATP. Kiumbe anayeishi udongoni, leo ana jani bichi linalooza, kesho hana kitu, anahitaji mikono mingi ya kuokoteza. Akiingia kinunduni, mingi kati ya mikono hiyo hupumzishwa, kwa kuwa sasa anatengewa.

PUMZI KWA KIPIMO

20. Je, wajua kwamba kinundu kinaihitaji oksijeni na kinaiogopa kwa wakati mmoja? Bakteria huhitaji kupumua ili wapate ATP, lakini oksijeni ikizidi huiharibu naitrojinesi isitengenezeke tena. Suluhisho ni ule wekundu. Jina lake ni leghemoglobini, ndugu wa himoglobini ya damu yetu. Huidaka oksijeni na kuigawa kidogo kidogo, hivi kwamba oksijeni iliyo huru ndani ya seli za kinundu ni pungufu kwa maelfu ya mara kuliko ile ya maji yaliyo wazi kwa hewa. Bakteria nao huwasha kimeng'enya cha kupumulia chenye uwezo wa kunasa hata kile kidogo.

21. Mjapani Hideo Kubo ndiye aliyeitambua rangi hiyo ya vinundu vya soya kuwa ya ukoo wa himoglobini, mwaka 1939. Miaka mingi baadaye kampuni ya Impossible Foods ya Marekani ilianza kutumia leghemoglobini ya soya, iliyotengenezwa na hamira, kuipa baga isiyo na nyama rangi na ladha ya nyama. Ulichokiona kwenye ukucha kimefika hadi mezani.

KINACHOTOKA

22. Amonia haihitaji kusukumwa ili itoke. Huvuja yenyewe kutoka kwa bakteria kwa sababu ni ndogo na haina chaji. Mtego uko nje ya ngozi ya bakteria: mmea husukuma asidi kwenye nafasi iliyo kati ya bakteria na utando wa chumba. Amonia ikikutana na asidi hugeuka amoniamu yenye chaji, na sasa haiwezi kurudi ilikotoka. Utando wa mmea una vijia vyake vya kuipokea, na ukishaipokea huigeuza haraka kuwa asidi za amino. Kwa kuwa upande wa mmea humalizwa kila mara, mtiririko haukomi.

23. Je, wajua kwamba bakteria huyu hana ruhusa ya kula anachokipika? Akiwa huru udongoni ana mlango wa kuinyakua amoniamu, uitwao AmtB, na jiko la kuigeuza chakula. Ndani ya kinundu mlango huo huzimwa, na jiko hupunguzwa moto. Angeviacha wazi, angekula mwenyewe na mmea ungebaki na kulisha mgeni asiyelipa.

24. Naitrojeni haipandi juu ya mmea ikiwa amonia, kwani amonia nyingi ni sumu. Hufungashwa kwanza. Njegere na klova hufungasha hasa kwa asparagini. Kunde, choroko, soya na maharage, mimea ya nchi za joto, hufungasha kwa alantoini na asidi ya alantoiki. Molekuli moja ya alantoini ina kaboni nne na naitrojeni nne. Asparagini ina kaboni nne zilezile, ila naitrojeni mbili tu. Kunde anabeba mzigo mara mbili kwa gunia lileile. Watafiti hutumia jambo hili: wakipima alantoini na wenzake kwenye utomvu unaopanda shinani, wanakadiria ni kiasi gani cha naitrojeni ya mmea kilitoka hewani na kiasi gani udongoni.

25. Kila molekuli ya naitrojeni inapovunjwa, molekuli moja ya hidrojeni huponyoka, na nishati yake hupotea nayo. Baadhi ya rizobia wa soya na kunde wana kimeng'enya cha kuikamata na kuirudisha kazini. Kimeng'enya hicho kinataka nikeli, kwa hiyo hata nikeli inahitaji kuvushwa hadi ndani.

MGENI SIKU MBILI, YA TATU MPE JEMBE

26. Je, wajua kwamba soya huadhibu mzembe? Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha jaribio la vinundu vilivyozungushiwa mchanganyiko wa oksijeni na agoni badala ya hewa. Bakteria walikuwa wazima, ila hawakuwa na naitrojeni ya kuvunja, kwa hiyo hawakulipa chochote. Mmea ulipunguza oksijeni iliyowafikia, na uzao wao ukashuka takribani kwa nusu. Mwenye nyumba hakumfukuza mgeni. Alifunga dirisha.

27. Bakteria wa njegere na lusani wana gharama kubwa zaidi. Mmea huwaingizia protini ndogondogo ziitwazo NCR. Jamaa wa lusani aitwaye Medicago truncatula ana jeni za mamia ya aina zake. Zikiingia, bakteria huvimba, huongeza nakala za jenomu yake, na hawezi tena kuzaa. Bakteria wa lusani asiye na mlango uitwao BacA hafiki popote: hufa mara tu mvua ya protini hizo inapoanza. Bakteria wa kunde, maharage na soya hawabadilishwi hivyo. Kinundu kikioza, wanaweza kurudi udongoni na kuzaa tena.

28. Anayejua atarudi nyumbani huweka akiba. Bakteria wa soya na maharage hujaza tumboni punje za PHB, kitu cha aina ya plastiki ambacho baadaye huliwa kama mafuta ya mwilini. Bakteria waliovimba ndani ya njegere, ambao hawana safari ya kurudi, hawaweki akiba hiyo.

29. Wengine hutuma pesa nyumbani. Aina fulani za rizobia hutengeneza kinunduni kemikali iitwayo rizopini, inayotoka hadi udongoni. Ndugu zao walio nje ndio wenye uwezo wa kuila. Majirani wengi hawawezi.

WEWE MKULIMA UNAINGIA WAPI?

30. Je, wajua kwamba Urea nyingi hufunga soko? Mkunde ukikuta naitrojeni tele udongoni hupunguza vinundu, na vilivyopo hulegea. Mmea hauoni sababu ya kulipa ATP 16 kwa bidhaa inayomwagwa mlangoni. Fedha hiyo ya Urea mara nyingi ingefaa zaidi kwenye fosfati.

31. Bakteria wa kuchanganya na mbegu wana historia ndefu kuliko Urea ya kiwandani. Wajerumani Friedrich Nobbe na Lorenz Hiltner waliwaandikisha wa kwanza mwaka 1896 kwa jina la Nitragin. Kwetu kuna Biofix, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kiliwahi kutengeneza Nitrosua. Kumbuka kuwa ndani ya pakiti kuna viumbe hai. Ukiiacha kwenye kioo cha gari mchana kutwa, umenunua vumbi. Changanya kivulini, panda siku hiyohiyo, fukia mara moja.

32. Kila mkunde una wageni wake. Kunde, karanga na mbaazi hupokea rizobia wengi wa udongo wa Afrika. Soya, iliyotoka Asia, huchagua zaidi. Watafiti wa taasisi ya IITA, Nigeria, walizalisha mbegu za soya ziitwazo TGx, ambazo huwapokea hata bakteria wenyeji. Maharage hushirikiana na wengi ila mara nyingi hupata kidogo, na kwenye udongo wenye asidi anayeyafaa ni Rhizobium tropici, anayestahimili hali hiyo.

33. Brazili iliamua mapema. Mwanasayansi Johanna Döbereiner, aliyezaliwa mwaka 1924 katika nchi iitwayo leo Cheki na kuhamia Brazili, alisimamia hoja kwamba soya ipandwe kwa kutegemea bakteria badala ya mbolea ya naitrojeni. Leo Brazili inaongoza duniani kwa soya, na sehemu kubwa ya naitrojeni ya zao hilo hutoka vinunduni.

34. Kipimo cha bei nafuu kuliko vyote unacho kwenye kidole. Mikunde inapoanza kutoa maua, chimba michache kutoka pembe mbalimbali za shamba, pasua vinundu. Waridi au wekundu: soko limechangamka. Weupe wakati mmea umeshakua: bakteria wapo, ila kuna bidhaa isiyopita, au si bakteria sahihi. Kijani au kahawia: soko limefungwa. Hakuna vinundu kabisa: huenda msimu ujao unahitaji bakteria wa pakiti. Anayefanya hivi mara moja kila msimu atalijua shamba lake kuliko anayengoja kuhesabu magunia.

35. Na la mwisho, ambalo wengi hulikosa. Je, wajua kwamba mkunde unaweza kuondoka shambani na naitrojeni yote iliyopatikana? Mbegu zinapojaa, mmea huzipelekea sehemu kubwa ya naitrojeni yake, vinundu vikizeeka na kupoteza wekundu. Ukivuna mbegu, ukang'oa na mashina, ukayachoma au kuyauza yote kwa wafugaji, shamba limeshuhudia biashara ya msimu mzima bila kubakiwa na senti. Kata shina, acha mizizi ardhini. Ukishapura, rudisha majani na maganda shambani, au rudisha samadi ya ng'ombe aliyeyala.

Kunde amelipa kwa sukari yake, bakteria amelipa kwa amonia yake. Mahindi yatakayopandwa mstari huohuo msimu ujao yatakula kile tu ambacho mkulima amekubali kukiacha.